Wiki mbili na motohomu kwenye nchi ya mvinyo: gari nalipatia alama 3 kati ya 5, kulala kwa wakulima alama 5 kamili

Tulikodi motohomu (gari lenye kitanda, jiko na choo ndani) Julai, siku 14, mimi na mke wangu. Tukaichukua upande wa Koblenz Ujerumani, tukaufuata mto Mosel kupanda kuelekea Trier, tukakata kwenda Pfalz, tukavuka mpaka kuingia Alsace Ufaransa, halafu tukateremka mpaka Burgundy ndo tukageuza. Naandika kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya mtu aliyeenda kwa ajili ya waini hasa nikakosa, wengi wanaongelea gari tu. Jibu langu nalitoa mapema: kama unapenda mvinyo, kulala uani kwa mtu anayeutengeneza ni kitu ambacho hoteli haikupi, ila gari tulilopewa sisi lilikuwa kubwa mno na limechoka, nalo nitalisema lote.

Kwa nini motohomu na si gari dogo na hoteli? Sababu ni kuonja. Kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu nchi zote mbili, na Ufaransa mwenye leseni mpya ni 0.2, yaani hata glasi moja ni shida. Ndoo ya kutemea ipo, na kutema si kosa, lakini mzee wa watu kaenda mwenyewe ghalani kakuletea Riesling (waini nyeupe ya kule) ya miaka kumi anakutazama usoni, utaitemaje hiyo? Kitanda kikiwa hatua 30 kutoka mezani hakuna wa kuulizana nani anaendesha. Safari zetu za zamani kila mara mmoja alikuwa anakaa na maji anaangalia saa, na mara nyingi alikuwa mke wangu, iliniuma. Mwaka huu tulikunywa wote wawili taratibu, tukala, tukalala. Tulijiwekea sharti moja tu, kama jana yake tulikunywa basi gari haliwashwi kabla ya saa nne asubuhi, maana pombe haiishi mwilini kwa sababu umelala.

Sasa gari. Urefu mita 7.4, kwenda juu mita 2.9, kitanda cha kudumu nyuma na stoo kubwa chini yake. Kodi ilikuwa zaidi ya euro 2,000 kwa siku hizo 14 kwa sababu ni msimu, juu yake dhamana na bima. Huyo mwenye kampuni simtaji, ila makabidhiano yalichukua dakika 20 na ni kidogo mno kwa mtu ambaye hajawahi kumwaga tangi la choo. Friji ilikuwa ile inayotumia gesi, umeme wa nje au betri ya gari ukiwa unaendesha, na friji za aina hii zinataka gari likae sawasawa, likiinama haipoi vizuri. Hakuna aliyetuambia! Siku mbili za kwanza maziwa yanaharibika tunadhani friji imekufa, mpaka Mjerumani jirani pale tulipoegesha akaja na vile vipande vya plastiki vya kupandishia matairi, akalisawazisha gari, jioni friji ikapoa. Nilitaka kumkumbatia yule baba.

Kitu kingine ni joto. Kiyoyozi cha mbele kinafanya kazi injini ikiwaka tu, nyuma hakuna, na Julai kwenye yale mabonde gari likichomwa na jua kutwa basi saa tano usiku bado ni oveni. Ukikodi ulizia feni ya paani na nyavu za wadudu kwenye madirisha yote, usikubali jibu la "yapo" bila kuyafungua kwa mkono wako.

Na uzito, hili naomba mlisikilize vizuri. Leseni ya kawaida ya B mwisho ni kilo 3,500 gari likiwa na kila kitu ndani. Maji lita 100 ni kilo 100, watu, mitungi ya gesi, baiskeli mbili, halafu ndo uanze kununua waini. Chupa moja iliyojaa ni kama kilo 1.2 mpaka 1.5, katoni sita za chupa sita sita ni kilo 45 au 50 hivi. Sisi tulikuwa tunamwaga maji safi tunabaki na lita 20 ili tubebe chupa. Na msiziweke ile stoo ya nyuma kama tulivyofanya sisi mwanzoni, kule ndani kunachemka, katoni yetu ya Mosel vizibo viwili vilianza kusukumwa nje na waini ilipoonjwa ilikuwa imekufa, tamu ya kupikwa. Baada ya hapo chupa zote zililala sakafuni chini ya meza zimefunikwa blanketi.

Mosel ndo mahali rahisi pa kuanzia. Vijiji vingi vina sehemu rasmi ya kuegesha motohomu pembeni kabisa ya mto, unalipa kwenye mashine, kuna umeme, maji na pa kumwagia uchafu. Unaamka unafungua pazia unaona meli ya mizigo inapita na mbele yake ukuta wa mizabibu. Karibu na Bremm kuna mlima wa Calmont ambao mteremko wake unazidi nyuzi 60, tulipanda ile njia yake ya miguu yenye ngazi na kamba za chuma, nikashika lile jiwe jeusi la tabaka tabaka lilikuwa la moto saa moja jioni. Hilo jiwe linakusanya joto mchana na kulitoa usiku, ndo maana zabibu zinaiva huku kaskazini. Ukishapanda pale kwa miguu yako huwezi tena kulalamika kwamba chupa ya huko ni ghali, maana kazi yote ni ya mikono.

Tafuteni Straußwirtschaft. Ni vibanda vya wakulima wenyewe, sheria inawaruhusu kufungua miezi 4 tu kwa mwaka na viti visizidi 40, wanauza mvinyo wao na chakula chepesi. Tulikula mkate, jibini na soseji baridi chini ya mti, glasi ilikuwa euro 3 na kidogo, na aliyetumiminia ni binti aliyezichuma zile zabibu.

Pfalz tulipita haraka, siku mbili. Njia ya mvinyo ya kule ni ya tangu 1935, urefu wake kama km 85, nyepesi kuendesha, na wanakunywa waini iliyochanganywa na maji ya gesi kwenye glasi za nusu lita zenye vishimo. Kwa lile joto ndo kinywaji kilichotufaa kuliko vyote. Kilichonishangaza ni kijiji cha Schweigen pale mpakani, wakulima wake Wajerumani wana mashamba mpaka ng'ambo ya Ufaransa na zabibu wanakuja kuzikamulia nyumbani.

Alsace sasa. Hapa nitakaa kidogo. Kabla ya kuondoka tulijiunga na France Passion, mtandao wa wakulima na watengeneza mvinyo ulioanza 1993. Unalipa ada ya mwaka unapata kadi, stika na orodha ya wenyeji, halafu unalala kwa hao wenyeji bure mpaka saa 24. Gari lazima liwe na choo chake na matangi yake, humwagi kitu chochote kwa mwenyeji, ukifika unakwenda kumsalimia na ukiondoka unaaga. Kununua si lazima. Mimi ningesema kwa adabu nunua hata chupa moja kama umeipenda, lakini hakuna aliyetusogelea kutulazimisha, hata mara moja.

Jioni niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusini ya mji wa Ribeauvillé. Tumefika saa kumi na moja, mama mwenye nyumba katoka na aproni yenye madoa, Kifaransa changu ni cha kuombea maji, yeye akaonyesha kwa mkono tuegeshe chini ya mti wa mwalnati kule mwisho wa uwanja. Saa moja akatuita. Kwenye meza ya mbao kapanga glasi sita, akaanza na Sylvaner, Pinot Blanc, Riesling mbili, Pinot Gris, akamaliza na Gewurztraminer inayonukia waridi. Zile Riesling zote ni zake, mwaka ule ule, moja ya shamba la bondeni na nyingine ya mlimani kwenye Grand Cru (shamba la daraja la juu kabisa), na tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba mke wangu ambaye hajali kabisa mambo ya lebo aliweka glasi chini akasema hizi haziwezi kuwa za mtu mmoja. Tulinunua katoni mbili. Usiku tukala tarte flambée ya kijijini, ule unga mwembamba wenye krimu, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe (ukiomba bila nyama wanakuwekea jibini), na asubuhi korongo mweupe alikuwa anatembea katikati ya mistari ya mizabibu kama anakagua shamba.

Mji wa Riquewihr ni mzuri ila usijaribu kuingia na mita 7.4, egesha nje kisha utembee. Sisi tulikwama kwenye kona ya kijiji kimoja pale jirani, kioo cha pembeni kikagusa ukuta, ikabidi mke wangu ashuke azuie magari nirudi kinyumenyume mita 60 jasho linanitoka. Kaysersberg pana nafasi maalumu ya motohomu na unaingia mjini kwa miguu. Ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari wa Lambaréné kule Gabon.

Barabara za kulipia Ufaransa zinaangalia kimo. Chini ya mita 3 na tani 3.5 unalipa daraja la 2, ukizidi mita 3 ni daraja la 3 na bei inaruka, kwa hiyo jua kimo cha gari lako kabla ya kuingia.

Burgundy ilinipa furaha na ikaninyima vilevile. Kusimama kwenye ukuta wa Romanée-Conti, lile shamba maarufu la waini ghali mno, hekta 1.8 tu, na kuona barabara ndogo tu inaitenga na mashamba ya jirani, hilo nililisubiri miaka. Pale mji wa Beaune hospitali ya 1443 yenye vigae vya rangi ni lazima uione. Ila wenyeji wa kulala kwao pale kwenye ule ukanda wa majina makubwa tulikosa, tukapanda Hautes-Côtes, vile vilima vya juu ya ukanda huo, na huko juu kuna baridi nzuri ya usiku, ukimya, na waini nyekundu za Pinot Noir za bei ya kawaida ambazo kwangu mimi ndo ugunduzi wa safari.

Kurudisha gari tulikatwa hela ya kusafisha tangi la maji machafu ambalo tulilimwaga asubuhi ile ile. Piga video unapomwaga, tarehe ionekane.

Tutarudi, na safari ijayo ni vani ya mita 6, tena Juni. Agosti wakulima wengi wanafunga waende likizo, na Septemba wako shambani wanavuna, hakuna wa kukaa na wewe mezani.