TAHADHARI: Prado ya "2018" iliyovikwa uso mpya

Ndugu zangu mnaotafuta Prado iliyotumika, kuna gari jeupe linazungushwa kwenye matangazo kwa maelezo haya: "2018, TZ-G, dizeli 2.8", yaani la mwaka 2018, daraja la TZ-G, injini ya dizeli ya lita 2.8. Wiki iliyopita nilikwenda kulikagua mwenyewe, hela ikiwa tayari. Tafadhali msitume hata pesa ya kulishikilia.

Ukisimama mbele yake huwezi kushtuka. Prado 150, kizazi cha gari hili, ilitoka 2009, ikabadilishwa sura 2013, na 2017 ikapewa taa, grili, bampa na boneti mpya. Vitu hivyo huuzwa kama seti na vinakaa kwenye bodi ya zamani. Ila mwaka huo wa 2017 usukani na dashibodi vilibadilika pia, na kung'oa dashibodi nzima ni kazi kubwa, kwa hiyo wanaovisha magari uso huishia nje. Nilipofungua mlango nikakuta usukani na dashibodi ya zile za mwanzo kabisa. Muuzaji akasema ni toleo la soko lingine. Nikaomba kuona sahani ya gari, si namba ya usajili bali ile ya kiwanda yenye modeli na namba ya chesisi. Akasita, akapiga simu, mwishowe akakubali.

Imeandikwa KDJ150. Herufi hizo zinataja injini: TRJ ni petroli 2.7, GRJ petroli 4.0, KDJ dizeli 3.0, GDJ dizeli 2.8. Gari la 2.8 haliwezi kuwa KDJ. Zaidi ya hapo, TZ-G ni daraja la magari ya soko la Japani, na huko Prado 150 ya dizeli haikuuzwa mpaka 2015, ilipoingia GDJ. Kwa hiyo maandishi ya TZ-G kwenye mlango wa nyuma yamebandikwa tu. Niliinama nikatazama chini: TZ-G hukaa nyuma kwenye mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi, hili lina springi za kawaida. Kuna watu huondoa mifuko ikichoka, najua, lakini basi ndani vitufe vya kupandisha na kushusha gari vingebaki. Havipo.

Akatoa kadi ya gari, kweli ina 2018. Someni vizuri hapo: ule ni mwaka wa kusajiliwa. Gari la 2010 likiingia nchi nyingine 2018, husajiliwa 2018. Lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti cha dereva ilikuwa na tarehe ya 2010, na ya abiria vilevile.

Mtu akikwambia uhesabu herufi ya kumi ya namba ya chesisi upate mwaka, jua njia hiyo ni ya uhakika kwa magari ya soko la Marekani. Gari la soko la Japani lina namba fupi ya fremu, haina herufi ya mwaka. Linganisha namba ya kwenye sahani na ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, zikitofautiana, ondoka.

Kinachoniuma ni kwamba 3.0 ile ilikuwa inawaka vizuri, na bodi haina kutu. Angeliuza kama gari la 2010 ningelinunua siku ileile.

Jana nimeona tangazo limerudishwa kwa picha mpya, zote za mbele. Kabla hujafunga safari, mwombe picha ya sahani, ya dashibodi na ya lebo ya mkanda. Mimi niliziomba tena kwa namba nyingine ya simu, akaifungia namba hiyo.