Mfumo wa Kuandikia Miongozo ya Bidhaa: Upi Uchukue, Upi Uuache

Wasomaji wanaouza na kutengeneza mashine za malipo hapa Mombasa wamekuwa wakiniletea lalamiko lile lile: fundi yuko dukani Kongowea, mashine ya mteja ina toleo la 2 la programu, lakini mwongozo alioufungua kwenye simu unaeleza toleo la 3, na kitufe anachoambiwa akibonyeze hakipo. Kampuni ilisahihisha ukurasa na maelezo ya zamani yakafutika.

Kwa hiyo sitagusia urembo wa kurasa, ambao kila muuzaji wa mfumo wa kuandikia miongozo atakuonyesha bila kuulizwa. Muulize kama msomaji ataweza kusoma mwongozo wa toleo alilo nalo, kwa anwani isiyobadilika, huku toleo jipya likiendelea kuandikwa. Atakujibu kwamba mfumo unatunza historia ya mabadiliko, lakini historia hiyo ni ya mhariri na fundi wa Kongowea haimfai kitu.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni Docusaurus, iliyotolewa na Facebook mwaka 2017, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Unapotoa toleo jipya, amri moja hunakili folda nzima ya miongozo na kuipa nambari yake. Msomaji huchagua toleo kwenye menyu iliyo juu ya ukurasa, na toleo lisilotunzwa tena huwekewa ilani yenye kiungo cha kwenda kwenye jipya. Waandishi watalazimika kujifunza Markdown (alama nyepesi za kupangia maandishi) na Git (programu ya kutunza kila badiliko la mafaili), na waliozoea Word watanung'unika mwanzoni, lakini taabu hiyo inafaa kuvumiliwa.

Ya pili ni Sphinx, iliyotengenezwa kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, ikiwekwa kwenye Read the Docs, huduma ya kuhifadhi nyaraka mtandaoni: hutenga matoleo vizuri, ila uandishi wake ni mgumu zaidi. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, naiweka ya tatu kwa kasoro ambayo wengi hawaijui. Ukifungua nakala ya zamani ya ukurasa, maandishi huja ya zamani lakini picha huja za leo, hivyo fundi husoma maelezo ya toleo la 2 huku akitazama skrini ya toleo la 3.

Confluence, mfumo wa kibiashara wa kuandikia nyaraka, hulipiwa kwa idadi ya watumiaji wanapozidi 10, na kutenga matoleo kunahitaji nyongeza ya kulipia. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, inatosha kwa bidhaa isiyobadilikabadilika.

Linaloniudhi ni wauzaji wanaoichukua hiyo hiyo WordPress, ambayo imekuwa ya bure tangu 2003, wakaibandika jina lao na kuitoza leseni ya kila mwaka kwa dola, ilhali mnunuzi anauza kwa shilingi. Kulipia kazi ya kusakinisha na kutunza seva ni haki. Kulipia leseni isiyokuwepo ni dhuluma. Mtake muuzaji akufungulie mwongozo wa toleo la zamani na la jipya kwa pamoja, picha zake zikiwemo, na akishindwa usimpe hata arubuni.