Meza ya TV ya bei nafuu Moshi: saipresi, mgrivea, MDF au chipubodi?

Kwa TV ya inchi 43 na bajeti ya kubana, saipresi kavu ndiyo inayostahili hela yako. MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inafuata, kwa masharti. Chipubodi, ile ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, inashika mkia, hata kama ndiyo inayong'aa kuliko zote dukani. Tumezipanga hivyo kwa kuangalia yale ambayo meza ya TV hukutana nayo nyumbani: uzito uliokaa palepale miaka na miaka, maji ya kupiga deki, bungua, na skrubu kufunguliwa na kufungwa upya kila mtu anapohama nyumba.

Bei za mbao hupanda na kushuka, kwa hiyo hapa tunatoa vipimo na idadi. Nenda navyo yadi mbili tatu, uliza, kisha linganisha jumla ya kazi nzima. Bei ya ubao mmoja hudanganya.

Kabla ya yote pima TV yenyewe. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sm 96 hivi, lakini kinachoamua urefu wa meza ni miguu. TV nyingi za sasa zina miguu miwili iliyokaa karibu na ncha, kwa hiyo pima kutoka nje ya mguu mmoja hadi nje ya mwingine, uongeze angalau sm 5 kila upande. Meza ya futi 4, yaani sm 120 hivi, inaibeba inchi 43 na kubakiza nafasi pembeni. Inchi 55 ina upana wa karibu sm 123. Hiyo itafutie meza ya futi 5.

Saipresi haitoki mbali. Mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai yanaotesha saipresi na paina, ndiyo maana ukiuliza mbao laini mjini utaonyeshwa hizo mbili. Kati yake chagua saipresi kwa kazi hii. Ikikauka vizuri hutulia, haipindi ovyo, inapokea skrubu na gundi bila ubishi, na kiini chake cha rangi ya kahawia kinastahimili wadudu kuliko ubao mweupe wa pembeni. Kasoro yake ni vifundo. Kifundo kilichoshikamana na ubao hakina tatizo. Kile kilichozungukwa na duara jeusi kitalegea na kudondoka, na kikiwa ukingoni, pale skrubu inapopita, ubao utapasuka hapohapo.

Ila neno "kavu" ndilo linalobeba kazi yote. Mbao nyingi zinauzwa mbichi au nusu mbichi, hasa msimu wa masika, Machi hadi Mei, na muuzaji atakuambia zimekauka. Usibishane naye, jaribu. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja: ile nzito ina maji. Weka kiganja katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza. Ubao mbichi ni wa baridi. Mwambie fundi wa mashine apitishe randa mara moja, kisha finya ule unga na maranda mkononi. Yakigandamana, ubao bado. Ukiunganisha ubao mbichi, utapungua upana ukiwa tayari ndani ya meza: mstari wa gundi unafunguka, juu panapasuka, na mlango wa kabati unaacha kufunga. Mbao mbichi zinaweza kununuliwa kama zina nafuu kubwa, lakini zipange kivulini, juu ya matofali, na vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, upepo upite, na uzipe miezi kadhaa. Juani zitapasuka ncha.

Kwa meza ya futi 4 unahitaji mbao tatu za 1x8 za futi 12 na mbili kwa mbili moja ya futi 12. Ukipiga randa pande zote, inchi 1 hubaki kama robo tatu na upana wa 8 hubaki kama saba na nusu, kwa hiyo mbao mbili zikiunganishwa ubavu kwa ubavu zinatoa kina cha inchi 15, sawa na sm 38. Kata hivi: ubao wa kwanza vipande vitatu vya futi 4 (viwili vya juu, kimoja cha chini). Wa pili, kipande kimoja cha futi 4 cha kukamilisha chini, viwili vya futi 2 vya rafu ndogo, na viwili vya inchi 16. Wa tatu, vipande vinne vya inchi 16. Hapo una ubavu wa kushoto, wa kulia na nguzo ya katikati, kila kimoja vipande viwili. Futi sita na ushee zinazobaki ni za ubapa wa nyuma, au droo kama una fundi mvumilivu. Mbili kwa mbili inatoa fremu ya chini (mbili za inchi 44, mbili za inchi 11) na miguu mitano ya inchi 4. Jumla ya kimo inafika kama sm 60, na hapo katikati ya kioo panakaribia macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi.

Mguu wa tano unakwenda katikati, chini ya nguzo. Mafundi wengi hauwapendezi kwa sababu hauonekani, lakini ndio unaozuia fremu kulegea.

Omba mashine ya randa ikunyooshee bavu za mbao. Hapa ndipo hela ya mashine inalipa kuliko popote. Simamisha mbao mbili ubavu kwa ubavu, zielekeze kwenye mwanga; ukiona mwanga unapenya, rudisha. Gundi nyeupe ya mbao haijazi pengo. Paka nyembamba pande zote mbili, bana kwa klampu, au kamba na kabari kama huna klampu, acha hadi kesho yake. Gundi iliyochuruzika ifute kwa kitambaa kibichi ikiwa bado mbichi, kwani ikikauka vanishi haitaingia pale na utabaki na mabaka meupe.

Skrubu nunua za mbao. Zile nyeusi za jipsamu ni rahisi na kila duka la vifaa linazo, lakini ni ngumu kwa namna ya kukatika: zinakatika shingo mtu anapoegemea meza. Kwa hesabu hii, skrubu 40 za inchi 2 na 10 za inchi 3 zinatosha. Toboa kwanza kwa kekee nyembamba kuliko skrubu (mm 3 kwa skrubu ya mm 4), na usikaribie ncha ya ubao chini ya inchi moja. Msasa namba 80, 120, kisha 240, ukifuata nyuzi. Sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) mikono miwili, vanishi mikono miwili, na chini ya miguu pia. Chini ndiko maji yanakoingilia.

Sasa MDF. Shiti ni futi 8 kwa 4, na unene wa kutumia ni mm 18. Mm 15 achana nayo. Nusu shiti, futi 4 kwa 4, inatoa mapande matatu ya kina cha sm 40: juu, chini, na la tatu unalikata mbavu mbili na nguzo. Rafu ndogo haitoki humo, na wanaokata bila mchoro hugundua hilo wakiwa na vumbi tayari. Uso wake ni laini, unapokea rangi vizuri kuliko ubao wowote, na ukichukua yenye melamini, ule utando mgumu wa plastiki juu yake, humalizi na vanishi kabisa. Masharti yake ni mawili. Kingo zote zifunikwe, hata za nyuma zisizoonekana, maana maji huingia kwa ukingo. Na skrubu ya kuingia ukingoni ni lazima itanguliwe na tundu, la sivyo bodi inachanika katikati ya unene wake. Ukifungua na kufunga skrubu hiyo mara kadhaa, tundu limekwisha. Vumbi lake ni jembamba mno. Funika pua na mdomo.

Chipubodi ndiyo iliyo ndani ya meza nyingi zilizotengenezwa tayari madukani. Mpya inapendeza. Angalia ile iliyokaa nyumbani inayopigwa deki kila asubuhi: karatasi ya nje imeinuka sm chache kutoka sakafuni, na ndani bodi imevimba mithili ya mkate uliolowekwa. Haiponi. Tena hupinda polepole chini ya uzito hata ikiwa kavu. Kumbuka kwamba ukiongeza mara mbili urefu usio na nguzo, kupinda kunaongezeka mara nane, kwa hiyo meza ya futi 4 isiyo na nguzo katikati usiinunue, iwe na mng'ao kiasi gani.

Mgrivea, ile inayopandwa kwenye mashamba ya kahawa na migomba mlimani, ina urembo wa madoa yanayong'aa ambao saipresi haina. Tatizo ni upasuaji. Nyingi hupasuliwa kwa chensoo, ubao wa inchi 1 unakuta ncha hii ina robo tatu na ile ina moja na robo. Ukimaliza kupiga randa umebaki na kitu chembamba. Pima ncha zote mbili na katikati kabla ya kulipa. Kwa uso wa juu pekee, ukipata kavu, inafaa sana.

Paleti ni za bure au karibu na bure. Tafuta mhuri: HT maana yake ilitibiwa kwa joto, inafaa, MB ilifukizwa kwa dawa ya methyl bromide, usiiingize ndani. Misumari yake usiing'oe, utapasua mbao. Ikate kwa msumeno wa chuma kati ya ubao na ubao.

Kwa bodi yoyote ile, tundu la nyaya nyuma liwe la sm 6, maana plagi ya pini tatu bapa haipiti kwenye la sm 4, na nyuma ya king'amuzi acha wazi kipoe. Kama kuna watoto, funga meza ukutani kwa kona mbili za chuma na fisha, kisha TV nayo ifungwe kwenye meza. Mtoto anayepanda rafu ya chini huivuta TV kabla hata meza haijayumba.