Pampu ya dripu yenye kihisi cha hewa: uzoefu wangu wodini

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto, na pampu ya dripu yenye kihisi cha hewa naishika karibu kila zamu. Jina la kampuni nitaliacha. Mashine yenyewe nimeikubali; kinachonisumbua ni mipira ya dripu tunayoletewa kuitumia nayo.

Ukifungua mlango wa pampu utaona mfereji mwembamba, ndimo unamobana mpira wa dripu. Ukuta mmoja wa mfereji huo unatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, ukuta wa pili unayapokea. Maji hupitisha sauti vizuri, hewa huizuia. Kiputo kikipita, sauti inayopokelewa inashuka ghafla, na kwa kuwa pampu inajua dripu inakwenda kwa kasi gani, inapima sauti ilififia kwa muda gani na kupata ukubwa wa kiputo. Kikivuka kiwango ulichoweka, pampu inasimama na kuanza kulia. Yetu unaichagulia kuanzia maikrolita 50 hadi 500 (maikrolita elfu moja ni mililita 1).

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hata viputo ambavyo kimojakimoja havifiki kiwango inavijumlisha, na vikitimia mililita 1 ndani ya dakika 15 inasimama vilevile. Kwa watoto wachanga hilo si jambo dogo. Tundu lililo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo huwa bado halijaziba, kwa hiyo hewa iliyoingia kwenye mshipa inaweza kukwepa mapafu na kuelekea kwenye ubongo. Hata kwa watu wazima, karibu mmoja kati ya wanne tundu hilo halikuwahi kuziba kabisa.

Sasa kero. Usiku mmoja mama wa mtoto kaniita, “Nesi, mashine inalia tena!” Nikafunga kibanio, nikafungua mlango, nikamulika mpira kwa tochi ya simu: maji matupu, hata kiputo kimoja hakuna. Nikaubana upya, baada ya muda mfupi ikalia. Mpira ulikuwa wa aina nyingine, mwembamba kidogo kuliko ule mashine iliotengenezewa, kwa hiyo haukugusa kuta za mfereji sawasawa. Upenyo ule wa hewa nje ya mpira, kihisi kinausoma kama hewa iliyo ndani. Kioo kinaandika tu kwamba kuna hewa, basi. Glukosi iliyomwagika ikakaukia kwenye mfereji nayo inaleta vurugu hiyohiyo, ila hiyo unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, yanaisha.

Kuna milio ya haki pia. Mfuko uliotoka kwenye friji moja kwa moja utakusumbua, maana maji ya baridi hubeba gesi nyingi iliyoyeyuka, na yakipata joto la wodi gesi inajitenga, unaona vipovu vidogo vimejipanga kwenye ukuta wa mpira. Chemba, yaani kile kikopo cha matone chini ya mfuko, isiyojazwa angalau nusu, au kiungio cha sindano ambacho hakikugeuzwa juu chini na kugongwagongwa wakati wa kujaza mpira, navyo vitakuamsha tu.

Wapo wenzangu wanaopandisha kiwango hadi 500 ili wapate utulivu. Kwa mtu mzima labda tutabishana, lakini kwenye kitanda cha mtoto mchanga mimi nakirudisha chini nikikikuta hivyo, hata kama zamu si yangu.

Mengine hayana maneno: umeme ukikatika betri inashika, na pampu ikiwashwa inajipima yenyewe kwanza. Kwa hospitali inayofikiria kununua, mwambieni muuzaji aje na mipira mnayoipata kwenye stoo yenu, aifunge kwenye pampu na aiache iende zamu nzima mbele yenu. Akisema lazima mtumie ya kwake, mtajieni idadi ya mipira mnayomaliza kwa mwezi, awaandikie bei.