Baikal, Browning na Beretta: uzoefu wangu kwa sahani na kanga wa Dodoma

Bunduki yangu ya kwanza sikuichagua. Marehemu baba aliniachia shotigani ya Baikal, IZh-27 ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, iliyotengenezwa Izhevsk enzi za Usovieti. Taratibu za polisi za kuhamisha umiliki zilipokamilika, nikaanza kuwinda nayo kanga na kwale, kwa leseni na kwa msimu, nikaizoea kama jembe langu. Kisha marafiki wakanivuta kwenye mchezo wa sahani. Huko nikawa nakosa mno, na swali likaninyima raha: kosa ni langu au ni la bunduki?

Mwaka mzima nimelitafutia jibu. Kila mwenye silaha alikuja na yake kwenye uwanja wa shabaha, tukajaribu moja baada ya nyingine mbele ya mwenyewe na msimamizi, na kila raundi ya sahani 25 nikaiandika kwenye daftari.

Kwa asiyeujua mchezo huu, tunaziita sahani za udongo lakini ni mchanganyiko wa lami na unga wa chokaa. Kila moja ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Mashine inairusha, nawe unaipasua ikiwa hewani. Hapa Dodoma, kuanzia mwezi wa saba upepo unavuma kweli kweli, sahani inapanda ghafla au inazama kabla hujaifikia. Kwa hiyo alama zangu zisomwe pamoja na upepo huo.

Nianze na Baikal. Ndani ya mitutu kuna kromu, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayerudi porini usiku akiwa amechoka na kusafisha kesho yake. Hii ya kwangu ina triga mbili. Ya mbele inafyatua mtutu wa chini ulio wazi zaidi, ya nyuma inafyatua mtutu wa juu wenye choki kali, yaani mdomo uliobanwa ili marisau, zile punje ndogo za risasi, yasitawanyike mapema. Porini faida yake naipenda sana. Kanga hawapendi kuruka, wanakimbia kwenye mabua ya mtama mpaka wakose pa kwenda, halafu wanainuka wote kwa kelele. Mmoja anaweza kuwa hatua 20 kutoka kwako, mwingine 35. Kwa kidole tu nachagua mtutu unaofaa, bila kubonyeza kitu kingine chochote. Lakini kwenye sahani daftari lilisema wastani wa 14 kati ya 25.

Browning niliyojaribu ni Citori. Ina jina la Kimarekani, lakini hutengenezwa Japani na Miroku, kampuni ambayo pia huuza bunduki kwa jina lake yenyewe. Asili yake ni Superposed, kazi ya mwisho ya John Browning, aliyefariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijaingia sokoni. Bawaba yake ya kufungulia mitutu ni pini pana inayopita chini ya mitutu, kwa hiyo sehemu ya katikati huwa nene na uzito unakaa mikononi. Kwenye sahani uzito huo ni rafiki. Ukishaanza kuizungusha inakwenda yenyewe, haisimami njiani kama mkono wenye wasiwasi, na bega halilalamiki hata baada ya raundi ya nne. Nilipata wastani wa 19.

Beretta ilikuwa Silver Pigeon. Hii haina pini ya chini. Mitutu inaning'inia kwenye vishikizo viwili vya pembeni, na kufuli yake inakaa ubavuni mwa mtutu wa juu. Ndiyo maana umbo lake ni jembamba na mitutu iko karibu sana na kiganja. Ukiinyanyua, jicho limeshafika kabla hujafikiri. Nilipasua 18, moja pungufu ya Browning, lakini kichwani mwangu nilikuwa namwona kwale. Kwale anajilaza mpaka karibu umkanyage, na muda wa kumlenga ni mfupi mno. Nikawaza pia kutembea nayo kutwa nzima kwenye vichaka vya Chemba, jua la saa sita likiwa utosini.

Triga yake moja inahitaji maelezo. Inahamia mtutu wa pili kwa nguvu ya teke la risasi ya kwanza. Risasi ya kwanza isipolipuka, hakuna teke, na triga haihami. Kwa risasi mpya si tatizo, ila wengi wetu tunatunza risasi miaka mingi kwenye joto la bati. Na ikitokea haijalipuka, kwa bunduki yoyote ile, mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua.

Remington 870 na Mossberg 500, zile za kusukuma kwa mkono ili risasi inayofuata iingie, ni imara na nyingi zinalinda mashamba, ila sahani mbili zikirushwa kwa pamoja nilijikuta nasukuma badala ya kufuata. Ipo pia moja ya kujipakia kwa gesi, ya kampuni nisiyoitaja, iliyonikwamia mara tatu asubuhi moja. Tulipoifungua, vumbi jekundu lilikuwa limeganda na mafuta kama tope. Tangu siku hiyo bunduki yangu naipaka mafuta kidogo sana wakati wa kiangazi.

Jibu la swali langu lilitoka kwa mzee mmoja mlengaji wa miaka mingi. Aliniambia, "Mwanangu, hakikisha haina risasi, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua." Nikafumbua, na badala ya kuona mstari wa juu ya mtutu nikaona mgongo wa bunduki ukiwa umeelekea kushoto. Baba alikuwa mfupi, mikono yake mifupi. Kitako, ile mbao inayokaa begani, kilimtosha yeye. Mimi nilikuwa nimejikunja kwenye koti lake miaka yote hiyo. Tukafunga mpira wa sentimita 2 nyuma ya kitako, tukainua kidogo sehemu ya shavu kwa ngozi. Wiki iliyofuata Baikal ileile, kwa risasi zilezile, ilipasua 17.

Kwa hiyo ukienda dukani, usianze na jina. Anza na kitako, kisha risasi. Kwa sahani natumia gramu 24 au 28 za marisau madogo ya namba 7½, kwa kanga gramu 32 hadi 36 za namba 5. Lakini namba za Uingereza na za Marekani hazilingani: punje ya namba 5 ya Uingereza ina upana wa milimita 2.8, ya Marekani ni takriban 3.0. Soma milimita kwenye pakiti.

Kama mtu anataka sahani peke yake, nitamwambia achukue Browning au Miroku bila kusita. Mimi nataka moja ya sahani na ya pori, na moyo wangu uko kwa Beretta. Barua yangu ya maombi ya silaha ya pili imeshaanza safari kutoka serikali ya mtaa. Nikiruhusiwa, nitachukua yenye mitutu ya inchi 28, maana ya inchi 30 inanikwama vichakani. Baikal itabaki ya kanga. Mpira ule umefungwa kwa skrubu mbili tu, na mbao ya baba hatujaikata.