Majaketi okozi ya Mwanza: lipi linaelea, lipi ni rangi tu

Hofu ya maji Kanda ya Ziwa ina tarehe zake. 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama. 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka, kikiwa kimeshakaribia gati la Ukara. 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyoangukia ziwani ikijiandaa kutua Bukoba. Kwa hiyo anayeingia duka la vifaa vya uvuvi mjini Mwanza na kuulizia jaketi okozi, mara nyingi kichwani ana meli. Ajabu ni kwamba melini ndiko jaketi la kujinunulia lina kazi ndogo kuliko kote. Kazi yake hasa iko kwenye mtumbwi wa dagaa, kwenye boti ya mbao inayopeleka abiria visiwani, kwenye safari fupi ya kuvuka ghuba ambayo mtu anaiona ni kama kuvuka barabara. (Na aliyefika mwaloni, yaani ufukweni wanaposhushia samaki na abiria, na bodaboda bila kofia ngumu, kisha akaanza kutetemeka anapopanda kivuko, hatari yake kubwa ya siku hiyo ameshaiacha nyuma.)

Hapa zinapimwa aina nne zinazouzwa, pamoja na moja isiyouzwa. Bei sizitaji: zinatofautiana duka na duka, na siku ya kawaida si sawa na wiki ya msiba.

Kwanza namba. Uwezo wa jaketi kuelea huandikwa kwa nyutoni, N, na N 10 ni kama kilo 1 ya kuinua. Mwili wa mtu mzima majini karibu wote unajibeba wenyewe. Wengi wanapungukiwa kilo 3 hadi 5 na ushei tu ili kichwa kikae juu. Ndiyo maana N 50, yaani kilo 5, inamtosha mtu mzima anayejua kuogelea na aliye na fahamu zake. N 100 ni ya asiyejua kuogelea, kwenye maji yaliyotulia. N 150 ni ya mawimbi na ya usiku. Jaketi lisilo na namba yoyote ndani, lenye picha ya nanga tu mgongoni, ni nguo ya rangi ya chungwa mpaka lithibitishe vinginevyo.

Hilo ndilo la aina ya kwanza: lile la mabamba, lenye vipande vya mstatili mbele na nyuma na kamba mbili za kufunga. Ndilo la bei ya chini, na ndilo linalojaa mialoni. Kasoro yake ya kwanza ni umbo. Mgongo una povu sawasawa na kifua, kwa hiyo mtu aliyepoteza fahamu anaweza kubaki kifudifudi, anaelea vizuri kabisa huku pua ikiwa majini. Kasoro ya pili iko ndani. Bonyeza bamba kwa kidole gumba. Povu zuri ni kama la kandambili: gumu kiasi, linarudi polepole, halinyonyi maji. Likibonyea kwa urahisi na kurudi haraka kama godoro, ni sponji, na sponji ikilowa inakuwa mzigo. Likilia kwa kuvunjikavunjika, ni kama yale maboksi meupe ya kubebea minofu ya samaki. Linaelea, lakini linamumunyika kwa miguu ya abiria wanaolikalia, na petroli ikimwagika humo linayeyuka.

Kabla ya kuamini lebo yoyote, tumia kitu ambacho Mwanza hakijawahi kupungua: jiwe. Mawe ya miamba yetu ni ya jamii ya graniti, na kila kilo moja ya jiwe hilo ikizama hubaki na uzito wa kama gramu 620. Pima jiwe la kilo 8, lifunge kwenye jaketi kwa kamba fupi, tumbukiza mahali penye kina cha kiuno. Jiwe hilo ndani ya maji linavuta kama kilo 5, yaani N 50. Jaketi likizama nalo, mjadala umekwisha. Likielea, rudia na jiwe la kilo 16. Hapo umepima N 100. Kisha liache majini na jiwe lake mpaka kesho yake saa ile ile. Kanuni za kimataifa za vifaa vya meli zinataka jaketi lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya uwezo wake baada ya saa 24 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na ziwa letu ndilo maji hayo. Lililoelea jana na leo liko chini lina sponji. Mwenye duka akikataa jaketi moja lipimwe hivyo kabla ya kuuza 20, amekwishajibu swali.

Alama: 3 kwa 10. Likifaulu jiwe la kilo 16 kwa saa 24, 5. Haliwezi kupanda zaidi kwa sababu ya umbo.

Aina ya pili ni vesti ya N 50, yenye zipu na bakle mbili, iliyokatwa wazi mabegani. Haimgeuzi aliyezimia, hilo lisifichwe. Lakini mvuvi anaweza kuvuta nyavu, kupiga kasia na kuhudumia mashine akiwa ameivaa usiku kucha, na hiyo ndiyo sifa inayozidi zote. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza ili taa zao ziwavute dagaa, na dhoruba za Ziwa Victoria nazo hupenda usiku kuelekea alfajiri. Anayetupwa na wimbi hapati dakika ya kutafuta kitu chini ya ubao. N 50 iliyo mwilini inaishinda N 150 iliyo kwenye gunia. Iongezewe filimbi iliyofungwa kwa kamba, maana sauti ya mtu haiendi mbali penye upepo. Alama 8 kwa mvuvi anayeogelea. 2 kwa abiria asiyeogelea.

Aina ya tatu ni lile nene lenye kola kubwa, la kiwango cha meli. Kola ndiyo siri yake: inabeba kisogo na kumgeuza mtu chali. Kiwango cha kabla ya Julai 2010 kilitaka aliyezimia ageuzwe ndani ya sekunde 5 na mdomo ubaki angalau milimita 120 juu ya maji. Linakuja na filimbi, tepu za kung'aa na sehemu ya taa, na taa ya kiwango cha meli huwaka kwa muda wa saa 8. Kagua kama taa ipo kweli; mara nyingi inabaki mfuko wake tu. Ubaya ni joto na ukubwa, hakuna anayefanya kazi nalo. Kwa abiria wa boti ya wazi, hasa asiyeogelea, hakuna la kulishinda. Alama 9.

Aina ya nne, la hewa, ni jembamba kama mkanda wa begi na linapendeza mno. Ndani kuna mtungi mdogo wa gesi. Kwa N 150 ni wa gramu 33. Mengi ya yale yanayojijaza yenyewe hutegemea kidonge kinachoyeyuka kikilowa, na kidonge hicho hakijui tofauti ya kuzama na mvua ya masika iliyolowesha boti asubuhi nzima. Likishajijaza, linahitaji mtungi na kidonge vipya vya aina ile ile, kwa hiyo usilinunue dukani kusiko na vipuri vyake. Mtungi nao hulegea kwenye uzi wake, basi kaza kwa mkono kila mwezi, na mara moja kwa mwaka ufungue uupime kwenye mizani ya sonara ulinganishe na uzito uliochongwa ubavuni. Kwa mtumbwi wenye ndoano na mapezi ya sangara, sahau. Alama 4, na ni 4 za tajiri mwenye subira.

Lisilouzwa ni dumu. Dumu la lita 5 lililozibwa vizuri linainua karibu kilo 5, sawa na vesti ya N 50. Halimshiki mtu, mtu ndiye analishika, na mikono ikichoka basi. Lakini madumu matupu yaliyofungwa kwa kamba kwenye kila benchi yanafaa kuliko mabamba ya sponji.

Sasa meli na vivuko vyenye vyumba. Chombo kikipinduka, jaketi la povu linamkandamiza mtu kwenye kile kilichokuwa sakafu na sasa kiko juu yake, wakati mlango uko chini. Ndiyo sababu kwenye ndege huambiwa usijaze jaketi kabla hujatoka. Kwenye chombo cha namna hiyo lishike mkononi, livae ukiwa sitaha ya wazi, na kaa huko. MV Nyerere iliruhusiwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Hakuna jaketi linalofuta hesabu hiyo, na swali la kumuuliza nahodha ni idadi ya watu. Pia mtu akipiga kelele, usisimame, usikimbilie upande wa kuangalia: watu 50 wakihama ubavu mmoja ni tani 3 zimehama.

Yapo majaketi ya kuonyeshwa tu, yamefungwa waya kwenye paa la boti, 40 kwa hesabu, na fundo ambalo hata koleo linaliogopa. Omba lako kabla mashine haijawashwa. Linatakiwa liwe limefungwa mwilini ndani ya dakika moja. Likishafungwa, mtu mwingine alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni ni kubwa mno, na majini litapanda uso. Kwa mtoto usikadirie: tafuta lebo ya kilo zake, na lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo atachomoka kwa chini jaketi likibaki juu.

Kulitunza ni kivuli tu. Oshea maji ya ziwa, anika upepo si jua, weka mbali na galoni la petroli. Rangi ya chungwa ikififia kuwa nyeupe, vuta kitambaa kwa vidole viwili karibu na mshono. Kikichanika, chomoa bakle na filimbi utumie kwingine, mengine tupa.