Masta ya usimamizi wa miradi: nani aende na nani asubiri kwanza (uzoefu wangu)

Nimemaliza masta ya usimamizi wa miradi, ya jioni, chuo kimoja hapa Dar (jina naliacha), na kama ni nyota naipa tatu na nusu kati ya tano. Ila hizo nyota ni zangu mimi niliyeingia darasani tayari niko kazini kwenye mradi wa maji vijijini, jamaa niliyekuwa nakaa naye angeipa moja na mzee mmoja wa nyuma yetu angeipa zote tano, na wote tumefundishwa na walimu walewale kwenye chumba kilekile ambacho feni yake haizunguki. Kwa hiyo kuuliza tu kama ni nzuri au mbaya haisaidii, swali ni wewe unaenda nayo wapi.

Nianze na huyo mzee. Ni mkuu wa shule ya sekondari, na kama una ndugu mwalimu unajua mambo ya force akaunti, hela ya madarasa inaingia kwenye akaunti ya shule, hakuna kontrakta, mkuu na kamati yake ndo wanatafuta fundi, wananunua saruji na nondo na wanasimamia mpaka bati la mwisho. Zile hela za Uviko za mwaka 2021, mkopo wa trilioni 1.3 kutoka IMF, zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima na wakuu wa shule kibao walijikuta wasimamizi wa ujenzi ghafla, mtu kasomea Kiswahili na Historia anaambiwa aandae mpango wa manunuzi. Sasa huyu mzee kila topiki alikuwa na kesi yake mfukoni. Mwalimu akitaja vihatarishi yeye anauliza fundi akichukua advansi akazima simu unafanyaje, ikitajwa manunuzi anauliza habari ya kuingiza zabuni kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, wakati kijijini mtandao unapatikana ukipanda mlimani. Darasa zima tulijifunza kwake, kiukweli baadhi ya vipindi yeye ndo alikuwa mwalimu.

Mimi kilichonilipa ada ni kitu kimoja hasa, hesabu ya thamani ya kazi iliyofanyika. Mwanzo niliiona kama ya kutafutia maksi tu. Chukua mradi wa shilingi milioni 100, muda umefika nusu, umetumia milioni 50. Bosi anafurahi, mfadhili anafurahi, ripoti inapita. Ila ukienda saiti ukapima kazi iliyosimama kweli, mitaro, bomba, tenki, unakuta ni ya milioni 30 tu kwa bei ya bajeti. Maana yake kila shilingi unayotoa inakurudishia kazi ya senti 60, na ukiendelea hivyohivyo mradi utaisha kwa karibu milioni 167, sio 100. Hiyo 67 atatoa nani?? Nilipoanza kuweka safu hiyo kwenye Excel yetu ya kila mwezi vikao vya ofisini vilibadilika, watu wakaacha kusema tunaendelea vizuri wakaanza kusema tumebakisha mita ngapi. Critical path nayo, yaani zile shughuli ambazo moja ikichelewa siku mbili mradi wote unachelewa siku mbili, tulifundishwa kwa kalamu na kikokotoo, ilinitoa jasho na nusura nile sapu lakini sasa hivi naichora hata kwenye karatasi ya nyuma ya risiti.

Haya, wa nyota moja. Dogo katoka digrii ya kwanza akapitiliza, mzazi kamlipia, kichwani yuko vizuri kuliko sisi wote na ana A za kutosha. Lakini kwenye intavyuu anaulizwa umewahi kusimamia bajeti ya kiasi gani, umewahi kugombana na kontrakta ukamalizaje, anabaki anaeleza desa. Af soko lenyewe limebana. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada na baadaye USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa, watu wa mashirika walirudi mtaani wengi, kuna wenzetu wa darasani walipokea barua semista inaendelea. Kwa hiyo nafasi ndogo ya ofisa miradi leo unaigombania na mtu ana miaka kumi ya kazi na watoto wa kulisha. Dogo kama huyo ningekuwa kaka yake ningemwambia jitolee kwanza, hata kushika daftari la stoo saiti, masta haitoroki.

Mainjinia na watu wa IT mna ishu yenu, wengi mnachanganya masta na PMP. PMP ni cheti cha usimamizi wa miradi cha PMI, taasisi ya Marekani, sio digrii, ukiwa na digrii ya kwanza wanataka uwe umeongoza miradi miezi 36 na mafunzo ya masaa 35, halafu mtihani. Kama unalenga kampuni za ujenzi au unataka kwenda Doha, Dubai, huko matangazo mengi utaona wameandika PMP, basi tafuta hiyo kwanza maana ni muda mfupi na hela ndogo kuliko miaka miwili ya chuo. Kama unalenga cheo serikalini au kufundisha, PMP peke yake haikufikishi huko, unahitaji masta. Ila mtumishi wa umma kabla hujalipa hata shilingi nenda kwa afisa utumishi wako muulize kama inaendana na kada yako, nina rafiki karudi na transkripti yake nzuri akaambiwa muundo wa utumishi wa kada yake hauitambui. Na ukisoma chuo cha nje hata kwa mtandao, hakikisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanaitambua.

Nyota moja na nusu nilizokata: MS Project, programu ya kupangia miradi, tulifundishwa kwa projekta, mwalimu anabofya sisi tunaangalia. Kazi za grupu, mnaandikwa saba wanafanya wawili, waliobaki wanatuma dole gumba WhatsApp. Na risechi, hapo ndo watu wanakwama, supavaiza anakaa na sura ya pili ya risechi yako wiki na wiki, ukimkumbusha unaonekana huna adabu. Mada zenyewe zinafanana zote, sababu zinazoathiri ukamilishaji wa miradi ya kitu fulani wilaya fulani. Kama hupendi kuandika kabisa, fikiria mara mbili, maana tulioanza nao wapo bado hawajamaliza.

Ukienda kuulizia chuo chochote usiishie kwenye ada, uliza supavaiza mmoja anabeba wanafunzi wangapi, kompyuta zenye programu zipo au ni za kwenye broshua, na walimu wangapi wamewahi kusimamia mradi wenyewe. Vipindi vyetu vilikuwa saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, kwa hiyo ukikaa Bunju au Chanika piga hesabu na ya foleni.